Nge na nyoka chumbani: tuanze na kitanda na chandarua

Kila mvua ya masika inapoanza, wakazi wa Limuru, Kericho na ile mitaa ya Nairobi yenye bustani huanza kulalamika kuhusu koa, yule mdudu laini anayefanana na konokono lakini hana gamba, ambaye huingia jikoni usiku na kuacha mkondo wa ute unaong'aa sakafuni. Dawa yake inajulikana na kila mama wa nyumba. Unamwaga chumvi kidogo kizingitini, unaziba tundu la maji machafu kwa kitambaa, unasogeza vyungu vya maua mbali na mlango, na asubuhi unamfagia aliyebaki. Koa hana mwiba wala jino la sumu. Ubaya wake mkubwa ni kinyaa.

Malalamiko hayo ukiyapeleka Lodwar watu watakucheka. Mji huo ulio kando ya mto Turkwel hupata mvua ya takriban milimita 200 kwa mwaka mzima, kiasi ambacho Kericho huweza kukipata katika mwezi wa Aprili peke yake. Joto la mchana hufika nyuzi 35 karibu kila mwezi. Koa hana maisha hapo. Wanaoingia nyumbani usiku Lodwar, na vilevile Kakuma, ni wa aina nyingine: nge, swila, na yule nyoka mfupi wa mchangani ambaye Wazungu humwita nyoka wa zulia kwa sababu ya mapambo ya mgongoni mwake. Hao si wa kufagia.

Msomaji wa Nairobi au Eldoret huenda akauliza mambo haya yanamhusu vipi. Yanamhusu kwa sababu kesho yeye au mwanawe anaweza kupewa barua ya kwenda huko. Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, wengi wametoka miji mingine kwenda Lodwar wakiwa walimu, wauguzi, makarani, mafundi na madereva. Kakuma, iliyo umbali wa kilomita 120 hivi kaskazini magharibi mwa Lodwar katika barabara ya Lokichoggio, imekuwa na kambi ya wakimbizi tangu 1992, na pamoja na makazi ya jirani ya Kalobeyei ina watu zaidi ya laki mbili. Kambi hiyo nayo inahitaji watumishi wa kila namna. (Waandishi wa kigeni hupenda kusema kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya "si mahali popote". Kiswahili hicho hakijulikani Lamu, Unguja wala Bukavu.)

Jambo la kwanza analofanya mgeni akifika ni kwenda dukani kununua mkebe wa dawa ya kunyunyiza. Akiambiwa kuna nyoka, hununua na mafuta ya taa, au huomba oili chafu ya gari akaimwaga kuzunguka nyumba. Wengine huweka vitunguu saumu dirishani. Kisha hulala kwenye godoro lililotandikwa sakafuni, mlango ukiwa wazi nusu ili upepo uingie, akiamini kwamba amejikinga.

Kwa maoni yangu fedha hizo zimetupwa. Dawa ya mbu unayoipuliza hewani haimfikii nge aliyejibana ndani ya ufa wa ukuta mchana kutwa. Ganda lake ni gumu, na anaweza kukaa miezi mingi bila kula. Nyoka naye hajali harufu ya oili. Akitaka kupita, atapita juu yake. Mkazi huyo kilichompungukia ni kitanda, chandarua na mlango unaofika chini. Vitu hivyo vitatu havina maajabu yoyote, na labda ndiyo sababu hatuvizungumzii.

Tuangalie kwanza kwa nini wanyama hawa huingia. Hakuna hata mmoja wao anayekutafuta wewe. Taa ya nje ikiwaka usiku huvuta kumbikumbi na wadudu wengine. Wadudu humvuta mjusi kafiri na chura. Mjusi na chura humvuta swila. Gunia la mahindi au mchele lililoachwa wazi pembeni mwa chumba huvuta panya, na panya huwavuta nyoka wa kila aina. Mtungi wa maji unaovuja huacha ubaridi sakafuni, na katika nchi kavu kama hiyo ubaridi ni karamu. Nge, kwa upande wake, hutafuta mahali penye giza na pembamba pa kujibana jua linapochomoza: ndani ya kiatu, chini ya mkeka, kwenye nguo iliyoanguka, katikati ya kuni. Nyumba yako kwake ni rundo la mawe lenye paa.

Swila anayesifika zaidi kaskazini mwa Kenya ni yule mwekundu anayetema sumu. Anapanua shingo na kulenga macho ya mtu kutoka hatua kadhaa. Huyu huingia nyumbani usiku akifuata chakula chake, na mtu aliyelala chini akigeuka na kumgusa, huuma. Nyoka wa zulia ana tabia nyingine. Ni mfupi, mara nyingi hafiki urefu wa mkono wa mtu mzima, rangi yake ni ya mchanga wenyewe, na akikasirika hujikunja na kusugua magamba yake mpaka yakatoa sauti kama ya kitu kinachokaangwa. Mchana hujifukia au hukaa chini ya jiwe. Usiku, hasa baada ya mvua kidogo, hutoka akajilaza njiani au mbele ya mlango. Hakimbii anapokusikia. Ndiyo maana watu humkanyaga.

Hapa ndipo lilipo tatizo lenyewe la Turkana, ambalo ushauri wa kawaida wa magazeti yetu haulitazami. Mtaalamu aliyeketi Nairobi ataandika: funga milango na madirisha kabla ya jua kutua. Ni ushauri mzuri kwa Nyahururu. Katika nyumba ya mabati ya Lodwar, ambayo imepigwa na jua kutwa, kufunga kila kitu saa kumi na mbili ni kujioka. Watoto hulia, mtu mzima hujigeuza hadi usiku wa manane, na mwishowe mlango hufunguliwa na magodoro hutolewa uani. Watu huko hulala nje, na wana sababu. Ushauri wowote usioanzia kwenye joto hautafuatwa hata kwa wiki moja.

Basi tuseme hivi: watu watalala na mlango wazi, au watalala nje. Katika hali hiyo kinga gani inabaki?

Inabaki chandarua. Tumezoea kukihesabu kuwa kifaa cha malaria, na ni kweli, lakini kazi yake haiishii hapo. Watafiti waliochunguza vijiji vya tambarare za kusini mwa Nepal, ambako watu hulala katika nyumba za udongo zinazofanana sana na zetu, walichapisha mwaka 2007 kwamba waliolala ndani ya chandarua walikuwa na hatari ndogo mno ya kuumwa na nyoka wakiwa usingizini kuliko wasiokuwa nacho. Wavu uliochomekwa vizuri ni ukuta. Nyoka hana haja ya kuupenya. Akikutana nao hugeuza njia. Nge pia hukwama nje.

Lakini neno hapo ni kuchomekwa. Chandarua kinachoning'inia kikagusa sakafu bila kubanwa ni hema tu, na mnyama huingia kwa chini na kujikuta ndani pamoja na mwenye nyumba. Anayelala kwenye mkeka ni lazima akichomeke chini ya mkeka pande zote nne, kisha akague kwa tochi kabla ya kuingia. Anayelala uani anaweza kusimamisha miti minne na kukifunga hapo. Nimewasikia watu wakisema kuwa chandarua kinazuia upepo. Ni kweli kinaupunguza kiasi. Mlango uliofungwa unauzuia wote.

Baada ya chandarua ni kitanda. Kwa wafugaji wa Turkana kulala chini juu ya ngozi ni jambo la kale, na mzee aliye na ekicholong yake, kile kigoda kidogo anachokalia mchana na kulazia kichwa usiku, hataona haja ya samani nyingine. Sina ugomvi naye. Yeye analala katika awi iliyo peupe, mchanga umefagiwa, hakuna gunia wala rundo la matofali karibu. Mwalimu wa kutoka Kitale anayelala sakafuni katika chumba cha kupanga chenye masanduku, ndoo na mahindi hayuko katika hali hiyo hiyo. Huyo anahitaji kitanda kilicho juu kufikia goti, kilichosogezwa shubiri moja kutoka ukutani, na shuka zisizoburura chini. Kitanda cha kamba kama cha pwani kingefaa kuliko cha mbao na godoro zito, kwa kuwa hupitisha hewa kwa chini. Mafundi wa Lodwar wanaweza kukitengeneza. Miguu ya kitanda ikisimamishwa ndani ya mikebe laini au chupa pana za kioo, nge huteleza akashindwa kupanda, kwa maana hawezi kupanda kitu kilicho laini kabisa. Katika sehemu za Meksiko, nchi inayosumbuliwa na nge kuliko sisi, watu hubandika mstari wa vigae vya kung'aa chini ya ukuta wa nje kwa sababu iyo hiyo.

Mlango ndio wa tatu. Nenda usiku uwashe taa ndani, utoke nje, ufunge mlango, uone mwanga unapotokea. Panapopita mwanga wa upana wa kidole, nyoka mdogo anapita. Madirisha yawekwe wavu wa waya, yabaki wazi usiku kucha. Nyufa za kuta za udongo zipakwe upya kila zinapotokea, na si kwa ajili ya nge peke yake: nyufa hizo ni maficho pia ya usubi wanaoeneza kala-azar, ugonjwa ambao Turkana inaujua vizuri mno.

Huko Kakuma kusema "ziba nyufa" ni rahisi kuliko kutenda. Nyumba nyingi za kambini ni za matofali ya udongo na mabati, nyingine zimefunikwa kwa turubai, na mvua kubwa zinapojaza ule mto wa msimu uitwao Tarach, kuta hulowa na wanyama wa ardhini hufurushwa kutoka mashimoni mwao wakatafuta pakavu. Pakavu ni kwa watu. Familia ya watu wanane haiwezi kuambiwa ikanunue vitanda vinane. Inaweza kupewa vyandarua vya kutosha, hata hivyo, na mtu wa kuwaonyesha namna ya kuvichomeka kwa anayelala chini, kwa Kiswahili, Kisomali, Kidinka na Kiturkana. Na Waturkana wanaoishi nje ya kambi wasisahauliwe, maana nyoka hatazami kadi ya chakula.

Nje ya nyumba sitakawia. Rundo la kuni lisiegemezwe ukutani. Matofali yaliyobaki yaondolewe. Ule ua wa matawi ya mathenge, ambao kila mtu anao kwa sababu mti huo umejaa kandokando ya Turkwel na hauna bei, ni makao mazuri ya panya, kwa hiyo usikaribie mlango. Taa ya nje iwekwe mbali kidogo na nyumba. Viatu vikung'utwe kila asubuhi, na mtoto afundishwe hivyo kabla ya kufundishwa kufunga kamba zake. Na asitoke mtu kwenda msalani usiku bila tochi na viatu vilivyofunika vidole. Simu nyingi siku hizi zina tochi, na hakuna kisingizio.

Sasa tuseme ameumwa.

Mengi yanayofanywa katika saa ya kwanza ni ya kudhuru. Mtu hufungwa kamba juu ya jeraha mpaka mguu ukawa mweusi. Hukatwa kwa wembe. Hunyonywa sumu kwa mdomo. Hubandikwa jiwe jeusi la nyoka, ambalo mara nyingi ni kipande cha mfupa wa ng'ombe uliochomwa, na watu huketi wakingoja lidondoke lenyewe. Jiwe hilo halivuti sumu. Linachovuta ni muda, na muda ndio mgonjwa hana. Kwa sumu ya nyoka wa zulia kukata kwa wembe ni hatari maradufu, kwa kuwa sumu yake huharibu uwezo wa damu kuganda. Jeraha dogo hutoka damu bila kukoma. Mgonjwa wa namna hii huanza kutoka damu kwenye ufizi, puani, au katika mkojo, na dalili hizo zinaweza kuchelewa kwa saa nyingi. Ndiyo sababu asirudishwe nyumbani kwa kuwa "anaonekana mzima". Asipewe aspirini wala dawa nyingine za maumivu za jamii hiyo zinazozidisha damu kutoka; parasetamoli inatosha.

Linalofaa ni dogo: mlaze, mtulize, mvue pete na bangili kabla uvimbe haujaja, ufunge gango kiungo kilichoumwa kisitikisike, umpeleke. Aliyetemewa sumu machoni aoshwe kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au 20 bila kusugua, kisha naye apelekwe. Nyoka asifukuzwe ili auawe na kubebwa. Wengine wameumwa katika kumfukuza.

Apelekwe kwa nini? Kwa chochote kilicho karibu na chenye magurudumu. Narudi Nepal mara ya pili. Katika eneo la Damak huko kusini mashariki mwa nchi, vijana wa pikipiki waliandaliwa kuwakimbiza walioumwa hadi kituo chenye dawa, mgonjwa akikaa katikati ya dereva na msaidizi. Ripoti iliyotolewa mwaka 2013 ilionyesha vifo miongoni mwa walioumwa kushuka kutoka asilimia 10.5 hadi 0.5. Sisi tuna bodaboda kila njia panda, kutoka Lodwar hadi Kakuma na kuendelea. Hatujawahi kuwafikiria kuwa sehemu ya huduma ya afya, ila tunapowahesabu katika wadi za mifupa.

Pikipiki, hata hivyo, ni nusu ya habari. Huko Damak mwisho wa safari palikuwa na dawa. Tiba halisi ya sumu ya nyoka iliyoingia mwilini ni moja, nayo ni seramu inayozima sumu hiyo. Na hapa ndipo kwetu mambo yanapokuwa mabaya. Kampuni ya Ufaransa iliyokuwa ikitengeneza seramu maarufu ya Afrika iitwayo Fav-Afrique iliacha kuitengeneza mwaka 2014, kwa kuwa biashara yake haikulipa, na chupa za mwisho zilikwisha muda Juni 2016. Seramu ni ghali, chupa moja huwa maelfu ya shilingi, na mgonjwa mmoja huweza kuhitaji kadhaa.

Tena si kila seramu inatibu kila nyoka. Ile mashuhuri ya Afrika Kusini hutibu sumu ya moma, koboko na aina kadhaa za swila, lakini haimhusu nyoka wa zulia. Kwa huyo hutengenezwa nyingine ya peke yake. Zipo pia seramu za bei nafuu zilizotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa Bara Hindi wa jamii iyo hiyo. Kwa macho ya mnunuzi ni kitu kimoja. Katika hospitali moja nchini Ghana, walipoibadilisha seramu waliyokuwa wakiitumia kwa ile ya Kihindi, vifo vya walioumwa na nyoka wa zulia vilipanda kutoka asilimia 1.8 hadi 12.1. Afisa anayenunua dawa za Turkana kwa kutazama bei peke yake anaweza kununua maji kwa bei ya seramu.

Kuna na suala la friji. Seramu nyingi za maji zinahitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Zile zilizokaushwa kuwa unga huvumilia joto zaidi, na kwa zahanati yenye sola moja na friji moja iliyojaa chanjo, tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya bei.

Kipimo cha kumjua anayehitaji seramu ya nyoka wa zulia, kwa bahati nzuri, karibu ni cha bure. Mhudumu huchukua mililita mbili za damu ya mshipa, akazitia katika kichupa cha kioo kilicho safi na kikavu, akakiacha wima kwa dakika 20 bila kukitikisa, kisha akakiinamisha mara moja. Damu ikiwa bado inatiririka, mgonjwa yuko hatarini. Hakuna mashine. Muuguzi wa zahanati ya mbali kabisa anaweza kukifanya, na anaweza kukirudia kila baada ya saa kadhaa. Kipimo hicho kingefaa kiwe kinafanywa kwa kila aliyeumwa na nyoka kutoka Lokichar hadi Lokichoggio.

Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa mnamo 2017, na mwaka 2019 likaweka shabaha ya kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Shirika hilo hukadiria kwamba kati ya watu 81,000 na 138,000 hufa duniani kila mwaka. Hapa Kenya tuna wataalamu: kuna kituo cha utafiti wa kuumwa na nyoka katika Taasisi ya Utafiti wa Nyani, Karen, na shamba la nyoka la Bio-Ken huko Watamu ambalo limekuwa likifundisha madaktari na raia kwa miaka mingi. Karen na Watamu ni mbali na Kakuma, lakini maarifa hayana haja ya lami.

Ningependa kuona jambo moja dogo. Nje ya kila hospitali na kituo cha afya kikubwa cha Turkana, kiwekwe ubao, na kila Jumatatu uandikwe kwa chaki: seramu ipo au haipo, chupa ngapi, ya nyoka gani, inakwisha muda lini. Waendesha bodaboda wangeusoma wakipita. Mzazi aliyembeba mtoto saa nane usiku asingezungushwa kutoka kituo hadi kituo. Na ubao ukiandika "haipo" kwa wiki tatu mfululizo, diwani angeulizwa sokoni.

Kuhusu nge, maneno machache. Wengi wa Turkana humpa mtu mzima maumivu makali ya siku moja au mbili, kisha yakapoa. Kitambaa baridi na parasetamoli husaidia. Ila tazama umbo lake. Mwenye koleo nyembamba na mkia mnene ndiye wa kuogopwa kuliko yule mkubwa mwenye koleo nene anayetisha kwa macho. Mtoto mdogo aliyeumwa akianza kutoka mate, kutapika, kutokwa jasho jingi, kurusha macho au kupumua kwa shida, hilo si jambo la kungoja asubuhi. Yule mdudu mwingine mwenye nywele na miguu mirefu anayekimbia kuelekea kwenye kivuli chako, ambaye wageni humpigia kelele kuliko wote, hana sumu kabisa. Anakula nge. Mwache.

Na wewe uliyepata barua ya kwenda Lodwar mwezi ujao, kabla hujalipa kodi ya nyumba mpige mwenye nyumba swali la mlango. Akisema pengo la chini ni la kupitisha hewa, usibishane naye. Nenda sokoni ununue kipande cha mpira wa tairi kuukuu, upana wa vidole vinne, urefu wa mlango, na misumari kumi. Fundi atakipigilia kwa upande wa nje, kikiburura sakafuni. Kabla ya hapo nunua chandarua.